Mteremko Aliouleta Bi. Nangila Manyatta

Kwa Mwalimu Mkuu mheshimiwa,

KUH: SOMO LA MTEREMKO NA MADHARA YAKE KWA FAMILIA YANGU

Natumai wewe na walimu wako wote hamjambo, isipokuwa Bi. Nangila wa Hisabati, ambaye habari zake ziko hapa chini. Mimi ni Joram Opondo, fundi wa mawe na saruji hapa Manyatta, baba yake Janice Akinyi wa kidato cha pili. Nimeshika mwiko miaka ishirini na miwili. Sijawahi kuilalamikia shule yako, hata ule mwaka mlipompa fundi mwingine kazi ya kujenga choo cha wavulana. Leo nalalamika.

1. Mwezi jana Bi. Nangila aliwafundisha watoto kutafuta mteremko wa mstari kutoka kwenye grafu. Nilivyoelewa, mtoto anachagua nukta mbili zilizo mbalimbali kwenye mstari, anahesabu mstari umepanda kiasi gani, kisha anagawanya kwa kiasi ulichokwenda kando. Mpaka hapo sina neno. Lakini aliwaambia pia waende nyumbani watafute mistari ya kweli. Mwalimu, nyumbani kwangu kila mstari nimeujenga mimi! Janice alipima paa, akapima ngazi, akapima na kitanda chetu, akakuta kinateremka kuelekea upande wa mama yake. Miaka yote hiyo mimi nilidhani ni mapenzi.

2. Akaenda kanisani. Pale kuna rampu, ile njia ya saruji ya kupandishia kiti cha magurudumu, ambayo niliijenga kwa mikono yangu kwa ajili ya mama mkwe wangu, Mama Dorca. Tangu miguu imkatae alihamia kwa shemeji yangu huku mtaani, akitoka Bondo, na ngazi tatu za kanisa zilikuwa zinamzuia kuingia ibadani. Janice alifunga uzi, akapima urefu wa kwenda juu kila baada ya sentimita ishirini, akaweka nukta kwenye karatasi, akapiga mstari. Akachukua nukta mbili: mstari umepanda sentimita arobaini, umekwenda kando themanini. Mteremko, nusu. Bi. Nangila akamwambia kwamba rampu ya namna hiyo haifai kuzidi moja kwa kumi na mbili, yaani kupanda sentimita moja kwa kila kumi na mbili za kando. Naomba uelewe uzito wa jambo hili: kabla ya somo hilo rampu yangu haikuwa na mteremko wowote. Ilikuwa rampu tu.

3. Grafu ikabandikwa kwenye ubao wa matangazo wa kanisa, na jina langu chini yake, kama la mtu anayetafutwa.

4. Nami nikachora grafu yangu. Nilijibana mezani jioni nzima. Kwenye mhimili wa kwenda juu, kila mraba nikaupa sentimita hamsini. Kwenye mhimili wa kando, kila mraba sentimita tano tu. Mstari ukatoka umelala vizuri, ungedhani ni ziwa siku isiyo na upepo. Nikaupeleka mbele ya kamati ya kanisa. Mchungaji Wabwire akaitikia kwa kichwa, wazee wakaitikia. Ndipo Janice, ambaye hakuna mtu aliyemwita, akasema, "Baba, mteremko hausomwi kwa macho. Unasomwa kwa nambari za mihimili." Akachukua nukta mbili kwenye mstari wangu mwenyewe, akagawanya. Nusu ileile. Mzee mmoja alicheka hadi akatolewa nje. Huyo mtoto amejifunza wapi kumsomea baba yake grafu yake? Kwako.

5. Nikasema basi, Jumapili rampu ifunguliwe, na Mama Dorca aipande wa kwanza, tuone kama nambari zina nguvu kuliko saruji. Kupanda alipanda, akisukumwa na wanaume wanne wa kwaya. Nilipiga makofi peke yangu. Baada ya ibada ikawa zamu ya kushuka. Mchungaji alishika kiti kwa nyuma, viatu vyake vikateleza, mikono ikaachia.

Mimi nilikuwa nimesimama chini.

Wewe ni mtu wa huku, unajua mkwe na maro wake, mama mkwe, hawagusani kamwe. Tangu harusi yangu sijawahi hata kuketi benchi moja na yule mama. Sasa ananijia kwa kasi, amekumbatia Biblia. Ningekwepa, angefika barabarani. Sikukwepa. Nilimdaka, kiti kikatupita, na sisi wawili tukaangukia kwenye omena, dagaa wa jirani walioanikwa juu ya neti kando ya ua. Mama Dorca hakuumia. Alininong'oneza tu, "Opondo, niachilie basi, watu wanatuangalia." Wazee wa ukoo wamekutana mara mbili kuamua kama nilimkumbatia au nilimwokoa. Hawajaafikiana.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote:

Somo la mteremko liondolewe. Kama Serikali haitaki, basi watoto wafundishwe mistari iliyolala peke yake, ambayo mteremko wake ni sufuri na haimvunjii mtu heshima. Kitu chochote kilichojengwa na mzazi kisipimwe mzazi akiwa bado hai. Na Bi. Nangila ahamishiwe somo la Dini, ambako watu huamini bila kupima.

Wasalimie walimu, wapishi, bwana mlinzi wa lango, na mama anayeuza mandazi nje ya ua wenu. Janice mwambie nimemwona.

Mimi mzazi wako mwenye uchungu,
Joram Opondo,
Fundi.

N.B. Rampu nimeibomoa jana. Jumapili iliyopita Mama Dorca alikataa kubebwa ngazini kama gunia, akasikiliza ibada akiwa nje juani, nami nilishindwa kuimba. Ngazi zote tatu zina kimo cha sentimita sitini; rampu mpya inahitaji mita saba na sentimita ishirini, na uwanja una mita tano tu, kwa hiyo lazima ipinde katikati. Janice anasema ni mistari miwili, kila mmoja upande sentimita thelathini kwa mita tatu na sentimita sitini. Nimechora mara nne. Mchoro unakataa. Naomba Bi. Nangila afike Jumamosi asubuhi na darasa zima na karatasi za grafu; Mama Dorca atawapikia uji. Na kama sheria za shule zinaruhusu, naomba kujua somo hilo litarudiwa siku gani. Nitakaa dawati la nyuma, sitasema kitu. Rula ninayo.