Tatu, Ikapumzika, Mbili

Jumatatu, 6 Oktoba 1997

Limefika! Tingatinga la Duale limeingia Migwani saa nne asubuhi juu ya trela, limeketi kama bibi harusi. Njano tupu. Limefanya kazi miaka mingi huko Japani, likauzwa Mombasa, na sasa ni letu. Yaani ni la Duale, mfanyabiashara wa ng'ombe wa Mwingi. Amepatana na akina mama wa mwethya, kikundi chetu cha kazi za pamoja: yeye awamalizie silanga lao kabla ya mvua, wao wamruhusu kunywesha ng'ombe wake wakati wa kiangazi. Wamechimba bwawa hilo kwa jembe na karai tangu mwaka jana, kila Jumanne na Alhamisi. Kina chake hakijapita magoti.

Fundi ni mimi, Kisilu. Nilimwambia Duale nimesomea mashine hizi. Nimeziona kwenye kalenda. Ndolo, fundi wa Mwingi mwenye cheti chenye mhuri, hakuitwa. Na akile cheti!

Nimetoa pia pipa la kuwekea dizeli. Nilisema ni jipya. Lilikuwa la asali, la mjomba Mutunga. Nimelisuuza. Mara moja. Kisha nikaandika KISILU ubavuni kwa rangi nyekundu, herufi kubwa, lisije likaibwa.

Jumanne, 7 Oktoba

Sijui niandike nini. Ardhi iliyowavunja akina mama migongo mwaka mzima, tingatinga liliichota kabla ya chai. Mawe yalitoka kama viazi. Mama Mbula, mwenyekiti wa mwethya, aliweka jembe chini, akasimama tu. Wengine waliimba. Mimi nilitokwa na machozi. Nikasema ni vumbi.

Na si hilo tu! Nzioka, dereva, alinionyesha taa ndogo nyekundu mbele ya kiti. Injini ikiugua, taa inakonyeza. Unahesabu. Kila ugonjwa una namba yake. Mashine inajisema yenyewe! Nywele zilinisimama. Kanisani kwetu nawajua wazee ambao wamechukua miaka ishirini kukiri kosa moja, na hilo moja lenyewe ni la jirani.

Nyuki wengi karibu na tangi la mafuta. Sijui wanataka nini.

Alhamisi, 9 Oktoba

Balaa! Saa tano tingatinga lilikohoa, likaishiwa nguvu, likazima katikati ya silanga. Taa ikaanza kukonyeza.

Jua lilikuwa kali mno, taa haikuonekana vizuri. Mama Mbula akavua leso yake, tukajifunika kichwa mimi na yeye kama watu wanaojifukiza homa. Nilihesabu. Tano! Mama Mbula akasema hapana, ni tatu, inapumzika, halafu mbili. Alikuwa amepanga punje za mahindi kiganjani, jinsi anavyohesabu waliofika kazini. Nikamweleza kwa upole kwamba kupumzika si kitu. Akajibu kwamba yeye amechimba mwaka mzima, na anajua kupumzika ni kitu.

Kitabu cha namba kipo, lakini kimeandikwa Kijapani. Nilikisoma kwa muda mrefu nikitikisa kichwa. Nzioka akaja akakigeuza. Nilikuwa nimekishika kichwa chini.

Redio inasema mwaka huu inakuja mvua ambayo haijawahi kuonekana. Tuta la silanga halijafika hata nusu. Mvua ikilikuta hivi italisomba, na jasho la akina mama pamoja nalo. Hilo lilininyima raha ya chakula.

Ijumaa, 10 Oktoba

Nimepata mwanga! Namba ni namba. Nilichukua kitabu cha nyimbo cha kanisa, nikafungua namba tano. Wimbo wa kumsifu Mungu alfajiri. Basi ni wazi, mashine hii inataka kuwashwa mapema.

Saa kumi na moja asubuhi, baridi ya kuuma meno, Nzioka aliwasha huku ananilaani. Iliunguruma mara mbili, ikafa vibaya kuliko jana. Taa ikanikonyeza. Mimi, si mtu mwingine. Inajua kitu. Naiogopa taa hii kuliko ninavyomwogopa mchungaji.

Nzioka amepanda gari kwenda Mwingi. Anasema anafuata sigara. Havuti sigara!

Jumamosi, 11 Oktoba

Mawingu meusi juu ya vilima vya Mumoni. Duale alikuja mwenyewe, akauliza kama mashine yake bado inakonyeza. Sikulala bure jana: balbu iko mfukoni mwangu. Nikamwambia atazame mwenyewe. Hakuna taa, hakuna ugonjwa. Duale alifurahi sana, akasema wallahi amepata fundi.

Halafu akataka liwashwe. Lilikwenda hatua nne. Nikasema limechoka.

Jumatatu, 13 Oktoba

Siku ya aibu. Niandike haraka.

Nzioka alirudi na Ndolo. Kumbe alikuwa amempelekea hesabu ya Mama Mbula: tatu, pumziko, mbili. Ndolo akapiga simu Nairobi kwa mtu aliyewahi kufanya kazi na mashine hizi, akaambiwa thelathini na mbili maana yake dizeli haifiki kwenye injini.

Akaona taa haina balbu. Alichomoa ya pikipiki yake, akaiweka, akaingia chini ya leso. Tatu. Ikapumzika. Mbili. Alitoka uso umebadilika, akasema hata yeye hakuamini mpaka alipoona. Kwa dakika moja hatukuwa maadui. Tulisimama wawili tukiitazama taa kama watoto.

Kisha akafungua filta. Imejaa kitu cha manjano, kizito. Akainusa. Akaonja kwa ncha ya kidole. Nta, akasema. Na asali. Nyuki wakamthibitishia.

Mama Mbula akauliza dizeli ilikuwa ndani ya nini. Watu arobaini waligeuka pamoja wakasoma jina langu, herufi kubwa, rangi nyekundu. Mama Mbula hakupiga kelele. Aliniita mwanangu, akaniuliza kama najua mtoto wake wa mwisho hubeba maji kutoka umbali gani. Afadhali angenipiga.

Mwethya wamenitoza faini ya mbuzi, kama yeyote anayewaangusha wenzake. Nimesugua tangi kwa mikono yangu, nikapewa karai nibebe udongo. Ndolo ameweka filta mpya. Injini iliitika mara ya kwanza. Naomba nisiandike nilivyojisikia, ila nilipiga makofi.

Usiku nilifungua wimbo wa thelathini na mbili. Ni wa toba. Nikafunga kitabu.

Ijumaa, 17 Oktoba

Tuta lilikamilika jana saa kumi na mbili jioni. Leo mbingu zimefunguka. Hiyo si mvua, ni mto uliosimama wima! Tulisimama wote juani, yaani mvuani, sijui nasema nini. Maji mekundu yaliingia, yakazunguka, yakapanda. Tuta likashika! Mama Mbula alitembea mpaka maji yakamfika kiunoni, akayachota kwa mikono, akayatazama. Duale alimshukuru Mungu kwa Kisomali, Ndolo kwa Kikamba. Nililia waziwazi na sikulisingizia vumbi. Ee Mungu, nimejifunza. Kuanzia leo mimi ni mtu mwingine.

Jumanne, 20 Januari 1998

Heri kubwa! Baada ya mvua ile maua ni kila mahali na mizinga ya mjomba Mutunga inamwagika. Jumamosi akina mama wanafungua silanga rasmi, wageni watakunywa chai, na Mama Mbula anatafuta asali ya kutosha watu mia mbili. Nimejitolea. Amesema kila mtu apewe nafasi ya pili.

Chombo ninacho. Lile pipa la dizeli limekaa nyuma ya nyumba bure tangu Oktoba. Nimelisuuza. Mara mbili, maana mtu hujifunza. Jina nimelikwangua. Leo asubuhi nimelijaza asali mpaka juu na kuliacha wazi lipate hewa.

Na nyuki, ajabu, hata mmoja hajalisogelea. Usafi ndio huo.