Jina Langu Mwanzoni mwa Wimbo

Jumanne, 4 Machi

Wimbo umekwisha! "Usirudi Bila Maua." Maneno yangu, biti yangu, sauti ya Maryori Cano wa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Akiimba yeye, mbwa wa mtaa wetu mzima wa Aranjuez wananyamaza. Mtangazaji wa redio ya mtaa kaahidi kuupiga Jumatatu asubuhi.

Mjomba Gildardo naye katoa sharti lake. Jumatatu hiyo hiyo atawauliza wateja wa duka lake la vifaa vya ujenzi kama wanamjua Nandoro, yaani mimi. Akikosa hata mmoja, naacha muziki, navaa aproni na kupima misumari. Aproni ameshaipiga pasi. Kaitundika mlangoni mwa duka ili nikipita niione.

Kimebaki kitu kimoja tu: ukelele. Kila prodyuza wa jiji hili la Medellín ana sauti inayomtambulisha kabla wimbo haujaanza. Ovidio Tabares wa mtaa wa pili anatanguliza mngurumo wa chui. Mimi nadhani ni tumbo lake. Hata hivyo, mngurumo ukisikika watu wanasema, huyo Ovidio. Leo nikajifungia kabatini na maikrofoni, nikapaza sauti: Nandoro! Mama akaja mbio kutoka jikoni akiuliza nimeungua wapi.

Jumatano, 5 Machi

Nimejaribu mara kumi na saba. Kwa hasira. Kwa mapenzi. Nikiwa nimejifunika blanketi. Nikampigia Maryori simu asikilize. Akasema sauti yangu inafaa kuombea msamaha.

Saa nne, nikiwa kwenye jaribio la kumi na nane, Mzee Eustorgio akapita na mkokoteni wake wa maparachichi. Yule mzee hana kipaza sauti na hakihitaji. Akiita hapa kwetu, wanasikia hadi kituo cha mabasi. Miaka miwili sasa ananiharibia kazi kila siku saa nne. Nikatoka nimkaripie. Nilipofika mlangoni, hasira imeisha, wazo limeingia. Wazo la dhahabu!

Nikamwomba atamke jina langu mara moja tu. Akauliza kama atahitaji kuvaa suti.

Ijumaa, 7 Machi

Kaja na shati jeupe, kofia mpya na manukato. Nikamsimamisha kabatini. Akafungua mdomo, ikatoka sauti ya mtu anayeungama dhambi. Akarudia. Hivyo hivyo. Hatimaye akakiri kwa aibu kwamba tangu ujana wake hajawahi kuita bila kushika mkokoteni. Mikono ikiwa mitupu, koo halijui pa kuanzia.

Basi tukauingiza mkokoteni. Ulikwama kwenye mlango wa sebule. Mama akaondoa kitasa, kisha mlango wenyewe, huku akiniuliza Mungu alimpa mtoto huyu ili amfundishe nini. Sanamu yetu ya plasta ya Mtakatifu Antoni ikagongwa, ikapoteza kidole.

Lakini mzee aliposhika mishikio yake! Vioo vilitetemeka. Nywele zilinisimama. Nandorooo! Halafu, bila kupumua, mdomo ukaendelea na njia yake ya kila siku: "Yameiva, laini, weka chumvi ule!" Tulirudia mara tisa. Mara tisa, chumvi. Maryori, aliyekuja kutazama, akasema niuache mkia huo, unampa raha. Nikamweleza kwa upole kwamba hii ni sanaa.

Nikaukata mkia. Kwenye kompyuta, wimbo uliokatwa nikauita "mwisho kabisa". Ule wenye mkia nadhani niliuita "mwisho kabisa kweli". Nimemtumia mtangazaji ule wa "mwisho kabisa". Nina imani kubwa.

Jumatatu, 10 Machi

Nilimtumia ule mwingine.

Tulikuwa dukani: mimi, Mama, Maryori, Mjomba, aproni. Redio juu ya kaunta. Nandorooo! Yameiva, laini, weka chumvi ule! Kisha gitaa, kisha sauti ya Maryori, tamu ajabu, na mimi natamani ardhi inimeze. Mjomba alicheka hadi akakaa kwenye mfuko wa saruji.

Redio ikaurudia. Mtangazaji akasema simu hazikomi. Ikaurudia tena. Mjomba akajifuta machozi, akakumbuka sharti, akamwuliza mteja wa kwanza, fundi rangi, kama anamjua Nandoro.

"Si lile parachichi jipya?" fundi akajibu. "Mke wangu kaniagiza matatu."

Wa pili, mama aliyefuata balbu, akasema lazima liliwe na chumvi, limetangazwa asubuhi yote. Wa tatu alikuwa nalo mfukoni. Nje, mkokoteni wa Mzee Eustorgio ulikuwa na foleni hadi kanisani.

Sikumbuki kama nimewahi kuona aibu kiasi hicho. Nikanyoosha mkono nichukue aproni mwenyewe. Mjomba akaniwahi.

"Nilisema wakujue, mpwa wangu. Sikusema wakujue kama nini."

Akaikunja, akaitia kwenye droo. Mama alilia kidogo. Akasema ni vitunguu, na dukani hakuna vitunguu.

Jumatano, 12 Machi

Ovidio kamfuata Mzee Eustorgio mkokotenini na kumwomba amwitie jina lake. Mnyang'anyi! Maryori alikuwepo, ndiye kanisimulia. Mzee alimfungia Ovidio maparachichi yake, kisha akamwambia: "Mimi nina mtu wangu. Aling'oa mlango wa mama yake ili mkokoteni wangu upite."

Habari kubwa zaidi: kampuni moja ya muziki imepiga simu. Wanataka wimbo wa pili, Maryori yuleyule, ukelele uleule, mkia na chumvi yake. Wamesisitiza nisibadilishe chochote.

Alhamisi, 13 Machi

Nimewaza sana. Ukelele wa wimbo wa pili nitautoa mwenyewe. Ovidio asidhani namtegemea mtu. Siri nimeshaijua, haikuwa koo la mzee hata kidogo. Mjomba kaniazima mkokoteni wa kubebea saruji. Mlango tumeung'oa tena. Nikashika mishikio, nikavuta pumzi, nikaita.

Mama kaja mbio akiuliza nimeungua wapi safari hii. Nimemwambia atulie, mkokoteni bado haujanizoea.