Sahra, Ngamia Wake na Bangili Yangu

Mwaka huu, ambao tulifuturu uji mtupu karibu Ramadhani nzima, kisha mvua ikaja tukanywa maziwa ya ngamia mpaka watoto wakaanza kuyakimbia, mwaka huu ndio nimeaibika mimi Dekha. Tena ni leo. Tena nyumbani kwangu. Tena mbele ya watu walioshika simu!

Wanawake wenzangu wa kikundi, naandika kwa kidole kimoja na kidole chenyewe kinanuka samli. Sababu mtaijua. Mkiona makosa, pitieni juu yake. Walimu wa gumbaru, shule ya watu wazima, walinifundisha herufi, mbio hawakunifundisha.

Mjukuu wangu Nimo ana wenzake ambao wanasoma kitabu kimoja wote, kisha wanakutana kukigombania. (Sisi tuligombania kisima. Wao kitabu. Maendeleo.) Cha safari hii ni cha mapenzi. Nimo amekuwa akinisomea baada ya Alasiri, mimi nimejilaza mkekani naangalia mabati, nalia polepole asinione.

Hadithi yenyewe fupi. Sahra anachunga ngamia. Guled anampenda. Guled hana kitu, anakwenda Uarabuni kutafuta. Sahra anasubiri. Wanaume wanakuja kumposa, anawafukuza kama mbwa. Miaka inakwenda. Guled anarudi na dhahabu! Mbuzi wanachinjwa, wanawake wanapiga vigelegele, mimi huku napiga nao. Sasa Sahra, mbele ya watu wote, anamuuliza bwana arusi: "Ngamia niliyekuwa nakama siku ile uliponiaga, anaitwa nani?" Guled anacheka. Anasema, "Ngamia ni ngamia tu, Sahra." Basi mwanamke anavua dhahabu, anaiweka chini, anafuata ngamia wake porini. Kitabu kimekwisha.

Kimekwisha! Nilivua ndara nikakirushia kile kitabu. Nikakikosa. Ndara ikaingia kwenye sufuria ya maziwa.

Basi Nimo akaniambia wenzake wamegawanyika, nusu wanamsifu Sahra, nusu wanamlaani, na leo wanakuja kwangu kuyamaliza. Nikasema karibuni, nina maneno.

Asubuhi mjukuu wangu Yussuf akapiga simu kutoka Banissa, anakofundisha. Yussuf huyu nimemlea mwenyewe, na kwa muda mrefu nimemwomba Mungu jambo moja tu juu yake. Aoe. Wa rika lake wote wana watoto wa shule, yeye bado anapika tambi peke yake.

"Ayeeyo," akaniita, ndivyo sisi Wasomali tunavyomwita bibi, "kati ya hao wanaokuja leo, mmoja ni wangu. Tumekubaliana, bado wazee tu. Anataka kukuona kwanza. Akikuogopa, basi tena."

"Yupi?"

"Si kila siku unasema unamjua ngamia wa maziwa kwa mwendo tu? Haya, mtambue."

Akakata. Mtoto mshenzi. Lakini alinigusa penyewe, maana ni kweli. Mimi ni mzaliwa wa Diff, nimekulia nyuma ya mkia wa ngamia. Jike zuri namjua kabla hajafika zizini.

Nikatoa nyirinyiri iliyokuwa chini ya kitanda, ile nyama kavu ya ngamia ndani ya samli, ambayo hata Nimo hajui ninapoificha. (Sasa anajua.) Nikavaa gauni langu jipya la baati. Nikavaa na bangili ya fedha ya marehemu mama yangu. Moyoni nimepanga: nikishamtambua, namvika hapo hapo, Yussuf asipate nafasi ya kubadilisha mawazo.

Wakaja. Wa kwanza mrefu, anaitwa Fartun, anatembea kama nchi yote ni ya baba yake. Akanibusu kichwani. Akacheka mpaka kuku wakahama. Nikasema moyoni, huyu hapa! Wa mwisho mdogo, mwembamba, hijabu ya kijivu, amejikwaa kwenye mtungi wa maji, akauomba mtungi msamaha. Nikasema, huyu si wetu.

Jina lake sikuuliza. Mnajua sisi, mgeni haulizwi ni nani kabla hajala akashiba. Nikampa anjera, ile mikate yetu laini ya maji, na chai, nikamwacha karibu na mlango. Nyirinyiri yote ikaenda mbele ya Fartun.

Kitabu kikawekwa katikati. Vita vikaanza.

"Sahra alifanya vizuri," akasema Nimo. "Mwanaume hakujua hata kilichomlisha huyo dada miaka yote!"

"Vizuri wapi, abaayo, dada yangu?" Fartun akaruka. "Mtu amerudi! Wangapi wanarudi? Wengine wakifika huko hata simu hawashiki."

Wallahi nilimpenda. Nikaingia kwa miguu yote miwili. Nikawaambia, babu yenu, Mungu amrehemu, hakujua jina la ngamia wala la mtoto. Watoto wote aliwaita "wewe." Lakini mwaka ule nilipougua Wajir, alitembea kutoka Diff na kibuyu cha maziwa begani, akafika maziwa yamekuwa siagi, akakaa mlangoni akilia kwamba yameharibika. Huyo ningemuuliza jina la ngamia?

Wakafuta macho. Hata Nimo alishika pua.

Halafu yule wa kijivu, kwa sauti ndogo: "Ayeeyo, kwani unafikiri mwandishi alimaliza hivyo kwa nini?"

Hapo ningekunywa chai yangu nikatulia. Sikutulia.

"Nitakwambia kwa nini," nikasema. "Jina lake pale kwenye jalada ni herufi tupu, maana anajificha. Ni mzee wa Nairobi. Ana upara. Mke wake alimkimbia na kila kijiko cha nyumba, sasa hataki mtu mwingine aolewe! Mtu aliyewahi kupendwa hawezi kuvunja arusi nyama ikiwa jikoni. Huyo hajapendwa. Na kwa roho ile, hatapendwa! Nikimpata nampiga mwiko mpaka aandike upya."

Nimo akapaliwa na chai. "Ayeeyo, basi..."

"Nyamaza wewe, sijamaliza. Upara wake nitaupaka pilipili!"

Watu wanacheka hadi wanashikana. Yule wa kijivu amejifunika uso kwa hijabu, mabega yanatikisika. Nikadhani analia kwa uchungu wa Sahra. (Nikamhurumia, nikamsogezea tende.)

Nikaona wakati ndio huu. Nikasimama, nikamshika Fartun mkono, nikamsukumia bangili mpaka ikapita kiganja. Nikapiga kigelegele. "Karibu kwenye ukoo wetu, binti yangu! Yussuf amepata!"

Wote wakageuka kumtazama Fartun.

"Ayeeyo," Fartun akasema polepole, "mimi nina mume. Yuko nje na pikipiki, ananisubiri."

Enyi watu! Nimemposa mke wa mtu, na mwenyewe yuko mlangoni anapiga honi!

Nikavuta bangili. Haitoki. Mkono wa Fartun umeshiba nyirinyiri yangu, umevimba. Nikauchovya mkono wote kwenye samli. Mimi navuta huku, Nimo anavuta kule, Fartun anapiga kelele "mfupa! mfupa!", na katika hali hiyo simu ikalia. Yussuf. Ya picha. Nimo mpumbavu akapokea.

"Ayeeyo, umemtambua? Mbona mnapigana?"

"Ni yupi, mwanaharamu wewe?"

"Zungusha simu... zungusha... huyo hapo! Karibu na mlango. Ifrah!"

Wa kijivu. Akashusha hijabu usoni, machozi yanatiririka, kumbe ni kicheko. Na Nimo, kwa sauti ya mtu anayeomba kufa, akamalizia: "Ayeeyo, nilitaka iwe zawadi kwako. Ifrah ndiye aliyekiandika kitabu."

Bangili ikatoka hapo hapo. Mimi nikaanguka nyuma, nikakaa ndani ya sinia la anjera na mchuzi.

Nilitamani ardhi inifungukie, lakini ardhi ya Garissa ngumu. Nikamtazama yule mtoto. Nikauliza, "Hata upara huna?"

"Bado, Ayeeyo."

Akaja, akapiga magoti mbele yangu kwenye mchuzi. Akawa hachezi tena. "Nitaingia nyumba hii nikijua kwamba hamkiogopi ninachoandika. Niambie neno moja tu. Sahra alifanya sawa?"

Yussuf kwenye simu karibu atoke ndani yake. "Ayeeyo, sema ndiyo! Nakuomba, sema ndiyo tu!"

Nikaona maisha yote ya mjukuu wangu hapo. Arusi. Watoto. Mwisho wa tambi. Neno moja tu. Nikafungua mdomo niseme ndiyo, wallahi nilikuwa nimekusudia ndiyo.

"Sikubali. Hata mninyime chai mpaka nife, sikubali."

Yussuf akashika kichwa. Ifrah akanitazama, akanitazama tena, kisha akaniangukia shingoni na samli yote. "Yussuf," akasema, "waambie wazee waje. Wote wananiambia kitabu ni kizuri kisha wanalala. Huyu amekirushia ndara!" Akanyoosha mkono wake mwembamba. Bangili ikaingia bila shida, inamcheza kama kengele shingoni mwa ngamia.

Sasa wameondoka. Nimo amekaa hapa ananibembeleza. Anasema wazee wanakwenda kwa kina Ifrah wiki ijayo, na Ifrah yumo kwenye kikundi hiki tangu leo, anasoma. Kwa hiyo niandike hapa mbele yenu nyote, kwa heshima ya mkwe, kwamba mwisho wa kitabu ni mzuri.

Sikubali. Hata mninyime chai mpaka nife, sikubali.