Kuvu Chini ya Futoni

Jumatano, 12 Juni
Mvua. Tope la handaki la reli hapa Osaka mpaka masikioni. Mama Kuwabara, mwenye nyumba, ametangaza kwa sauti kutoka chini ya ngazi: Jumapili anakagua mikeka. Mwenye kuvu atahamia chumba cha kaskazini, kando ya choo. Balaa! Mke wangu Kiyo anakuja kutoka Aomori mwezi wa nane, na nimeshamtambia kwamba nina dirisha la jua. Futoni yangu, godoro la kutandika mkekani, sijaikunja tangu maua ya micheri yapukutike. Mtu abebaye saruji kutwa akunje godoro la nini, na usiku alitandike tena?

Alhamisi, 13 Juni
Jua! Nimeamka alfajiri niwahi ukingo wa baraza ya juu. Nimekuta futoni ya Isobe, jirani yangu, imeshaanikwa, nyeupe kama mochi, kitumbua cha mchele. Yeye ni wa zamu ya usiku. Mchana ana nafasi ya kulibembeleza godoro. Akaniuliza, “Kaka Tokuji, leo jua limechomoza wapi hata wewe ukaamka?” Nikaanika yangu pembeni, nikaenda kazini nikipiga mluzi.
Jioni. Manyunyu yalianza saa tisa. Ya Isobe imo kabatini, kavu. Yangu bado iko nje, inachuruzika. Ati hapendi kugusa mali ya watu. Mshenzi!

Ijumaa, 14 Juni
Mvua. Nililala kama figili kwenye pipa la achari. Lakini nimepata akili. Mama Kuwabara magoti yanamuuma, hapandi ngazi bila sababu. Wapangaji anatujua kwa masikio: godoro likipigwa, mtu ni safi. Aliyemridhisha hamkagui. Basi atasikia!

Jumamosi, 15 Juni
Jua. Isobe kaenda kuoga bafu la mtaani, futoni yake iko ukingoni. Yangu imelowa, ukiipiga inalia kama samaki anayezabwa kofi. Kwa hiyo nikashika ubao wa mwanzi, nikaipiga ya Isobe. Pah! Pah! Mtaa mzima ukasikia. Mama Kuwabara akatoka uani, akainua macho, akaitambua futoni. Mimi niko nyuma ya futoni, sionekani. Akapaza sauti, “Isobe, mwanangu! Hata leo hupumziki? Kwako sipandi!”
Mkono umeniteguka. Isobe amerudi, ameibonyeza futoni yake, anasema haijawahi kuumuka hivi. Amelishukuru jua.

Jumapili, 16 Juni
Mama Kuwabara amepanda, ngazi moja baada ya nyingine, akiguna, kwa ajili yangu tu. Akaniamuru niinue futoni. Mkekani kuvu limeota kijani: kichwa, mabega, miguu iliyokunjwa. Umbo langu lenyewe. Mama akalinyooshea kidole.
“Bwana Tokuji, na huyu naye analipa kodi?”
Isobe, mlangoni: “Wamefanana kama mapacha, mama. Ila huyu hakoromi.”
Jioni. Nimeshahamia kaskazini. Jua halifiki kabisa. Nimeketi, nimetafakari, nimeona faida. Pasipo jua, nani atamlaumu mtu kwa kutoanika godoro? Kiyo nitamwambia nimemtafutia chumba cha ubaridi, maana Osaka mwezi wa nane ni tanuri. Futoni nimeshaitandika.
Haikunjwi mpaka afike.