Kiti Kimoja Kwenye Gari Jekundu

Jumatatu, 3 Juni

Nimeingia Chama cha Wapenzi wa Magari ya Kitaliano ya Zamani. Wanachama saba, gari moja! Jekundu, viti viwili, la mwaka 1968. Mwenyewe ni mwenyekiti, daktari wa meno mstaafu. Huliwasha mara moja kwa mwaka, na aliyesimulia kumbukumbu tamu kuliko wote ndiye hukaa pembeni yake. Mwaka huu ni Jumapili hii. Nakitaka kile kiti! Mimi muuza mapazia, gari la namna hiyo sijawahi hata kuligusa. Lakini mdomo ninao.

Jumatano, 5 Juni

Balaa. Shemeji, kaka wa mke wangu, naye ni mwanachama. Kasimulia jinsi marehemu baba yao alivyokuwa akiosha gari kama lile, la bosi wake, na yeye mwenye miaka sita akapewa kazi ya kukausha taa. Alisema hadi leo akishika kitambaa kibichi anamkumbuka mzee. Katibu, mwalimu wa hesabu, akavuta kamasi. Hata mimi nilipiga makofi, nikajichukia.

Mke kasema ni kweli tupu, tena yeye ndiye aliyekuwa akishika ndoo. Nikamuuliza mbona hajawahi kuniambia. Kasema sijawahi kumuuliza.

Alhamisi, 6 Juni

Nimefunga duka mapema, nikazama maktaba. Kumbe bodi za magari hayo zilikunjwa kwa nyundo za mkono, hata mlango wa kulia haulingani sawasawa na wa kushoto! Nikabaki najiuliza huyo mgonga nyundo alikuwa nani. Alipiga mluzi kazini? Gari likitoka kiwandani alilifuata kwa macho? Hakuna kitabu kilichosema. Nilipozinduka wanafunga milango, na ukurasa wa injini sijaufikia. Si kitu. Injini ni injini.

Jumamosi, 8 Juni

Zamu yangu ya kusimulia. Nikampa marehemu mjomba gari, nikampa na suti nyeupe. Nikasema alikuwa akifungua boneti mbele, ananinyanyua juu, naona injini inavyotetemeka. Mwanachama mmoja, fundi saa, akakohoa. Mwenyekiti akauliza kwa upole kama nina hakika ilikuwa mbele. Nikajibu mbele kabisa! Akaniomba niwaonyeshe kwenye lile lake.

Nikafungua. Tairi la akiba na jeki.

Nikapiga ukelele kwamba tumeibiwa injini! Nikamwamuru katibu akimbilie polisi!

Walicheka mpaka mwenyekiti akashikilia ukuta. Shemeji peke yake hakucheka. Alinishika mkono, akanipeleka nyuma ya viti, akainua kifuniko, akanionyesha injini ilipo. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Jumapili, 9 Juni

Kiti kapewa shemeji. Haki yake, ila inaniuma. Gari lilipowaka, ule mlio niliusikia kifuani kabla ya masikioni. Nikalikimbiza hadi kona ya posta, kiatu kimoja kikabaki njiani.

Waliporudi, mwenyekiti akaniambia kwamba sasa nami nina kumbukumbu ya kweli, ile ya kuibiwa injini, tena hajawahi kusikia nzuri kama hiyo. Mwakani niisimulie vilevile ilivyokuwa, na kiti huenda kikawa changu. Nilimshukuru kwa moyo wote.

Nimekaa kuiandika nisije nikaisahau. Nzuri kweli, ila ina mawili matatu ya kurekebisha. Aliyepiga ukelele ni shemeji. Mimi nilikuwa nyuma tayari, nimeshainua kifuniko, nawasubiri.