Vita vya Akaliza na Kiungo Kilichogoma Kufunguka

Sogeeni, enyi watu wa Gisenyi, wa ziwani na wa sokoni! Zimeni pikipiki, enyi waendeshaji mnaobeba helmeti mbili na subira nusu. Na wewe uliyeinua kikombe cha chai, kishushe, kwa maana hapa panasimuliwa habari nzito. Wengine wamesimulia wafalme waliohamisha milima ya ng'ombe na majeshi yaliyofunika mabonde. Sisi tutasimulia binti aliyebofya. Yalitokea zama za kale mno, yaani Jumatatu iliyopita, ghorofani kwa washonaji wa chama cha Sindano Njema, nyuma ya soko, mahali ambapo cherehani hunguruma kutwa na pasi hufuka moshi kwa kushindana na volkano ya Nyiragongo.

Shujaa wetu ni Akaliza binti Nsengiyumva, katibu wa chama, Mwenye Diploma, Mlinzi wa Neno la Siri, Mshika Kipanya asiyetetemeka. Sifa hizo alijipa mwenyewe, kwa kuwa wenzake walimjua kwa jina moja tu, nalo halikuwa la sifa.

Mwaka jana, kabla ya maonyesho ya biashara ya ufukweni, waandaaji walikitumia kila chama barua pepe yenye kiungo. Ukikibofya, ramani ya uwanja inafunguka, nawe unachagua kibanda. Wa kwanza kubofya ndiye wa kwanza kuchagua. Akaliza alikuwa na kidole tayari. Lakini chama, kwa hekima yake isiyo na mwisho, kikaitisha mkutano kujadili kama kibofywe. Kikapiga kura. Kikapiga tena, kwa sababu aliyehesabu ya kwanza alikuwa ametoka kunywa chai. Kikakiombea kiungo baraka. Walipofumbua macho kilikuwa kimebaki kibanda kimoja, ukuta kwa ukuta na vyoo. Siku zote za maonyesho wateja walipita mbio wameziba pua, na magauni ya kitenge yakarudi nyumbani na harufu iliyoishinda kila sabuni inayouzwa pande zote mbili za mpaka wa Congo. Mkutano ulisahauliwa upesi. Harufu haikusahauliwa, na aliyebofya akabatizwa: Madame Toilette.

Akalibeba jina hilo mwaka mzima. Hata kwaya ya kanisani, sauti ya pili yote, ilikohoa kicheko alipopita.

Ndiyo maana Jumatatu ile alifika kabla ya jogoo wa jirani kumaliza hoja yake, akaketi mbele ya kompyuta ya chama, mahali pekee barua za chama hufika, akangoja kama chui. Barua ikaingia. Ndani yake kiungo kiling'aa rangi ya buluu kama ziwa asubuhi. Akaliza akavuta pumzi, akabofya.

Kimya.

Akabofya tena. Mashine ikamjibu, kwa kile Kifaransa chake cha karani mwenye usingizi, kwamba hakuna programu iliyowekwa kufungua kiungo hicho.

"Eh, Madame Toilette!" ilisema sauti kutoka kwenye meza ya suti. Huyo alikuwa Mzee Sulaiman, Simba wa Vifungo, mtu ambaye tangu ajifunze kushona hajawahi kushona mdomo wake. "Mwaka huu tunaenda wapi? Kwa wanaume ao kwa wanawake?"

"Mzee Sulaiman, niache. Link inakataa."

"Inakataa juu inakujua."

Ndipo akaingia Mama Mukamazimpaka, Présidente wa chama, Ufagio Usiolala, mwanamke ambaye kila umuganda, yaani ile Jumamosi ya usafi wa mji mzima, huwa wa kwanza mtaroni na wa mwisho kutoka. Alipoelezwa maafa hayo, alisimama katikati ya chumba, akainua mkono kama anayehutubia majeshi elfu.

"Wanangu! Mwaka jana tulikula aibu. Tulinuka, tukacheleweshwa, tukachekwa. Mwaka huu mi sitakubali! Akaliza, pigana! Fanya ile kitu ya wasomi."

"Kitu gani, Mama?"

"Zima, washa."

Naam, hiyo ndiyo amri ya kila jemadari asiye na wazo, nayo ikatiiwa. Mashine ikalala usingizi wa wafalme, ikaamka taratibu kama mfalme, ikasema maneno yaleyale.

"Ni réseau," akatangaza Mzee Sulaiman, akiacha sindano. "Wallahi ni réseau ya Goma. Inavuka barrière bila kuonyesha kitambulisho, inakuja kuharibu yetu."

Basi kile kisanduku cha mtandao kikabebwa kwa mikono miwili hadi dirishani, kwa heshima ya jeneza la mtu mkubwa, kikageuzwa mgongo kuelekea Congo ili kisishawishike. Papo hapo barua tatu za matangazo zikaingia kwenye mashine, moja ikimwahidi Akaliza ngozi laini, na hivyo mtandao ukaachiwa huru kwa kukosa hatia.

Wakati huo simu ya Akaliza ikalia. Ulikuwa ujumbe wa sauti wa Narcisse, mkuu wa washonaji wa Rugerero, adui wa jadi, Bwana wa Tabasamu la Upande Mmoja. Akausikiliza kwa sauti ya chini, lakini Mzee Sulaiman ana masikio ya popo.

"Akaliza, dada yangu," ilisema simu, "mbona sioni jina yenu ku ramani? Sisi tumeshakamata mlango. Mais musiogope, sha, kule chooni nafasi iko. Tumewachungia!"

Chumba kizima kikamtazama Akaliza. Damu ya mababu ikamchemka. Akakumbuka mbinu ya pili ya vita: kukinakili kiungo na kukibandika kwa mkono ndani ya kivinjari. Lakini mbinu hiyo hutaka kitufe cha kulia cha kipanya, na kitufe cha kulia kilifariki siku Mzee Sulaiman alipokidondoshea pasi. Hapakuwa na njia ila marehemu arithiwe na muuaji wake: Sulaiman akaitwa asome kiungo herufi kwa herufi, naye Akaliza akiandike.

Kiungo kilikuwa kirefu kama foleni ya mpakani asubuhi ya soko. Mzee akasoma kwa sauti ya khatibu, bila miwani, kwa kuwa miwani ni ya wazee.

"Fimbo. Fimbo tena. Sasa iko moja."

"Ni moja ao ni herufi?"

"Ni kitu imesimama wima! Andika!"

Akaandika. Kivinjari kikatoa hukumu: ukurasa huo haupo duniani.

Hapo, ndugu msikilizaji, ndipo shujaa wa kawaida angelia. Akaliza naye alikaribia. Akilini alimwona Narcisse mlangoni pa maonyesho, akiwapungia wateja mkono. Akajiona mwenyewe ukutani pa vyoo, mwaka wa pili, na mwaka wa pili wa jina si mzaha tena, ni kitambulisho. Akarudi kuyasoma yale maneno ya mashine, safari hii polepole, kama mtu anayesoma barua ya posa. *Hakuna programu iliyowekwa.* Lakini hadi Ijumaa ilikuwepo! Ijumaa viungo vilifunguka vyenyewe. Akatazama kioo cha kompyuta. Kilikuwa safi. Safi mno. Safi kama sebule inayongoja wakwe.

"Mama Présidente," akasema taratibu, "hapa palikuwa na alama moja, ya rangi ya machungwa."

"Ile ya muviringo?"

"Ile."

"Nilitoa."

Washonaji wote wakageuza viti kumwelekea.

"Nilitoa siku ya umuganda," akaendelea Mama Mukamazimpaka, bila hofu, kwa sababu mwenye ufagio hajawahi kushtakiwa. "Tulimaliza mutaro mapema, mikono ikabaki na nguvu. Nikapanda huku, nikafanya umuganda ya kompyuta. Mulikuwa na navigateur mbili za kufungua internet! Za nini mbili? Mulishaona wapi nyumba ya bwana wawili? Nikafukuza moja."

"Yebaba we," akanong'ona Mzee Sulaiman. "Donc ni usafi ndiyo ilituua."

Akaliza angeweza kusema mengi. Alikuwa na diploma, na ulimi mkali kuliko mkasi wa kitambaa cha suti. Lakini mbele yake alisimama mwanamke ambaye ameufagia mji huu tangu arudi kutoka Masisi, kule Congo, na akachagua maneno kama anayechagua uzi.

"Mama, uliyemufukuza ndiye alikuwa mulinzi wa mulango. Kila link ikifika inagonga, inamuita yeye. Huyu mwenzake amebaki ndani anakunywa chai, juu hakuna mutu alimuambia kama sasa ni zamu yake."

Mama Mukamazimpaka akautazama mkono wake, ule uliofanya kazi ile. Kisha akachukua ufagio kutoka pembeni, akaenda kusimama mlangoni.

"Muambie, basi," akasema. "Na haraka. Mi niko hapa. Mutu hataingia kukusumbua."

Hivyo, chini ya ulinzi wa ufagio, Akaliza akashuka katika pango la Mipangilio, ambako wengi huingia na kutoka wamebadilisha lugha ya mashine kuwa Kichina. Akapita uwanda wa Rangi, akaruka mto wa Sauti, akapenya hadi chumba cha Programu za Kawaida. Na hapo, penye kiti cha kivinjari, paliandikwa: hakuna. Kiti kitupu! Ufalme bila mfalme tangu Jumamosi! Akamkamata yule mnywa chai aliyebaki, akamketisha kitini kwa mbofyo mmoja, bila ngoma, bila mafuta ya kichwani. Akarudi kwenye barua. Akabofya kiungo.

Ramani ikafunguka.

Vigelegele vikapigwa hadi muuza ndizi wa chini akadhani kuna harusi. Lakini vikakatika katikati, maana vibanda vyote vilikuwa vya kijivu, vimekwisha kwenda, isipokuwa viwili vya kijani. Kimoja kilikuwa kilekile cha ukuta wa vyoo. Kingine kilikuwa ubavuni mwa wachoma brochette, ile mishkaki ya mbuzi, ndani kabisa ya moshi.

"Moshi itaingia ku suti," akasema Mzee Sulaiman.

"Mafuta ya mbuzi ku kitenge," akasema mwingine.

"Bon, ngojeni," akasema Mama Mukamazimpaka kutoka mlangoni, akiinua ufagio kama fimbo ya spika. "Hii ni jambo kubwa. Tuite kwanza kamati, tukae, tupige ku—"

Tafadhali vueni kofia. Hapa ndipo historia ilipogeuka. Akaliza binti Nsengiyumva, Mwenye Diploma, akabofya cha brochette kabla silabi ya pili ya *kura* haijazaliwa.

"Umebofya?" akauliza Mama Mukamazimpaka.

"Nimebofya, Mama."

"Bila mukutano?"

"Bila mukutano."

Pembeni, pasi moja iliyosahauliwa ikachoma kola. Kisha Présidente akashusha ufagio.

"Andika kama mukutano ulifanyika," akasema, "na wote tulikubali."

Ikaandikwa hivyo, na ndivyo historia nyingi zilivyoandikwa. Mataifa yajayo yaambiwe kwamba kiungo kilifunguka Gisenyi, kwamba Narcisse wa Rugerero aliwachungia watu choo na choo kikabaki mikononi mwake, na kwamba mwaka huu magauni ya Sindano Njema yatarudi nyumbani yakinukia mbuzi wa kuchoma. Na shujaa? Mchana ule aliposhuka ngazi kwenda kununua ndizi, habari ilikuwa imemtangulia. Hakuna hata mmoja aliyemwita Madame Toilette. Jina hilo lilikufa siku ile na halina kaburi.

"Karibu, Madame Brochette!" akaita muuza ndizi.

Naye Akaliza akapita katikati ya soko, shingo juu, kama malkia.