Stelingi Alisema Ijumaa

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Daftari jipya. Kanipa Adila, mtoto wa dada yangu, fundi simu pale sokoni. Kasema mjomba maneno yako mengi, yaandike, na sisi tupumzike. Nimelichukua. Shule sikuuona hata mlango wake, lakini ngumbaru nilikaa miezi minne. Mwalimu alisema mwandiko wangu una nguvu. Alisema unatoboa karatasi.

Habari mbaya. Mwaija, muuza vitumbua wetu, anahama. Jumapili mwanawe anakuja kumchukua, akakae naye Chalinze. Kaniambia mwenyewe, huku anageuza vitumbua, kama mtu anayesema leo kuna mawingu. Nikamwambia Chalinze kuna vumbi na malori. Kasema na huku kuna wewe, bora malori.

Nikacheka sana. Kisha nikaenda nyuma ya ukuta kidogo. Moshi wa jiko uliniingia machoni.

Nikiwa huko huko nyuma ya ukuta nikapata mpango. Mipango yangu mikubwa yote huja nikiwa nyuma ya ukuta.

Ngoja nieleze, maana daftari halinijui. Miaka ya tisini mimi ndiye niliyekuwa natafsiri picha kwenye banda la video hapa Bagamoyo. Komandoo Muharami! Watu walikuja kwa miguu kutoka Kaole kunisikia. Na picha zilikuwa picha kweli. Stelingi, shujaa mwenyewe, kaning'inia kwenye helikopta kwa mkono mmoja, mkono wa pili anafunga kamba ya kiatu. Bastola ya risasi sita kaipiga mara arobaini na moja, nilihesabu, na bado kabakiza moja ya adui mkubwa. Ghala linalipuka mgongoni kwake, hageuki. Mimi ningegeuka. Wewe ungegeuka. Stelingi hageuki.

Sasa siri. Kizungu sijui. Sikujua wakati ule na leo sijui. Stelingi akifungua mdomo, mimi natia langu. Na Mwaija alikuwa anakaa benchi la mbele, na kitenge chake cha manjano. Basi maneno mengi ya stelingi yakawa yanaelekea benchi la mbele.

Mpango wenyewe: Jumamosi, picha ileile ya helikopta, mimi na kipaza sauti, Mwaija mbele. Stelingi atamwambia asihame.

Jumanne, 9 Septemba

Mkanda ninao. Umekaa chini ya kitanda miaka yote, ndani ya shuka. Deki ndiyo sina. Nimekwenda Mapinga kwa Noel, aliyenunua ile deki ya banda lilipofungwa. Nikamkuta anayo. Juu yake kalala kuku, kaatamia.

Noel akasema nisubiri siku tisa. Nikamwambia mimi nina siku nne. Akasema hapo mkubaliane wenyewe, akanionyesha kuku.

Tumejadiliana. Nina majeraha matatu, mawili ya mkono na moja sitaliandika. Mayai yote mazima, nimeyahamishia kwenye sufuria, taratibu, kama mtu anayetegua bomu. Nikatoka na deki begani. Sikugeuka nyuma. Kuku alikuwa bado ananifuata.

Jumatano, 10 Septemba

Hedi ya deki, ile inayosoma mkanda, ilikuwa na manyoya. Inasafishwa kwa spiriti. Spiriti sina. Nikatumia marashi, nikijua vyote vinanukia na vyote vinakauka.

Deki imekula mkanda. Imeula wote, kama laana ya yule kuku. Chumba kizima kinanuka harusi.

Nimekaa na ule utepe mapajani. Mweusi, umekunjamana. Mule ndani mlikuwa na helikopta yangu.

Adila alipokuja kanikuta hivyo. Hakunicheka, na huyo hucheka hata misibani. Akasema mjomba, picha hiyo ipo mtandaoni, sekunde tu. Kweli, kaiweka kwenye flashi. Nimeiona kwenye simu yake. Imesafishwa, jasho la stelingi unahesabu matone. Lakini chini ina maandishi. Ya Kiswahili! Kuna kijana mahali fulani, hana kazi, kakaa kaitafsiri yote inavyosema. Adila kasema hayatoki, yameganda humo humo.

Mwaija kasoma mpaka darasa la saba. Anasoma kila kitu. Hata karatasi anazofungia vitumbua anazisoma kwanza.

Alhamisi, 11 Septemba

Kibanda chenye skrini kubwa ni cha Husseni. Nimekwenda. Kanipa shikamoo Komandoo, ile ya kuvuta, yenye meno. Nikaitika marahaba Baba Rimoti. Namwita hivyo kwa sababu kazi yake yote ni kubonyeza.

Akasema Jumamosi ana mpira. Nikasema mpira wenyewe utakuwa sare. Akasema picha zenu za uongo, mtu haruki kutoka ghorofa ya nne akainuka anakimbia. Nikamwambia bora zetu. Stelingi wenu wa leo akipigwa kofi moja analala kitandani nusu ya picha anamkumbuka baba yake. Wetu aligongwa na lori, akaliuliza lori kama limeumia.

Hapo akacheka. Kisha akauliza kwa upole, mzee, hasa mlikuwa mnapenda nini mle?

Nikamjibu mambo ya mabomu. Jibu lenyewe nalijua sasa hivi, naandika. Mle bandani kulikuwa na jambo moja la hakika. Stelingi hafi. Atapigwa, atatupwa mtoni, atazikwa, na sisi kwenye mabenchi tunatulia tunajua atarudi. Ukishatoka nje, hakuna anayekuahidi hivyo kuhusu mtu yeyote.

Husseni amekubali, Jumamosi baada ya Alasiri. Sharti nisimwite Baba Rimoti. Nimekubali mpaka Jumapili.

Ijumaa, 12 Septemba

Dawa ya maandishi imepatikana. Kanga! Naitundika chini ya skrini, inaziba ule mstari wote. Adila kanipa yake mpya, pana, bado ina gundi ya dukani. Sikuangalia hata rangi.

Nimefanya mazoezi ya sauti. Jirani kauliza kama naumwa.

Mahali penyewe ni karibu na mwisho. Stelingi kasimama mlangoni kwa yule dada wa kwenye picha, anakwenda kwenye vita ya mwisho. Anamtazama. Anasema maneno machache, hata sita hayafiki. Mwaka ule mimi nilitafsiri: Mwenye kitenge cha manjano, Ijumaa niwekee vitumbua viwili, nitakuja kwenu kuvila.

Banda zima lilicheka mpaka benchi likavunjika. Mwaija naye alicheka, kajifunika uso.

Ijumaa yenyewe sikwenda. Ningekwendaje? Aliyesema ni stelingi. Nilikwenda Dar kufuata mikanda mipya. Mwaka uliofuata akaolewa na Salumu seremala, Mungu amrehemu. Mtu mwema. Viti vyake mpaka leo ukikaa havilii. Mimi sikuoa. Nilikuwa na kazi nyingi.

Jumamosi, 13 Septemba

Sijui nianzie wapi. Nianzie kwenye kanga.

Kanga zina maneno. Umri wangu wote naishi na watu wavaa kanga, na hilo nimelisahau siku moja tu, ya leo. Taa zilipozimwa Husseni akasoma kwa sauti yale yaliyokuwa chini ya skrini: MWENYE NENO LAKE ASEME. Saa mbili nzima stelingi anapigana juu ya hayo maneno. Kila nikikohoa, mtu wa nyuma anasema haya, sema basi.

Lakini watu walijaa. Wazee wenzangu, wengine na fimbo. Helikopta ilipotokea walisimama. Mzee mmoja wa Kaole, goti lake bovu, alisimama kabla ya wote. Mwaija alikuja, kakaa mbele. Si manjano, ni kijani. Lakini ni benchi la mbele, kama zamani.

Mstari wa pili alikaa Mwalimu Tarcis, mstaafu, miaka thelathini anafundisha Kizungu. Kila nikitafsiri yeye anaziba mdomo kwa leso.

Tukafika mlangoni. Stelingi anamtazama yule dada. Nikashika kipaza sauti kwa mikono miwili. Nikasema, mwenye benchi la mbele, usipande gari la Jumapili, kuna mtu huku hajamaliza kusema.

Feni ikageuka. Kanga ikaanguka. Na chini yake, herufi kubwa nyeupe: NIPE FUNGUO ZA GARI.

Husseni alianguka chini kwa kucheka, wakamwinua. Mtu akapaza sauti, kumbe miaka yote ilikuwa funguo! Wakamtaka Mwalimu Tarcis aseme ukweli. Akainuka, akafuta macho. Kasema alijua tangu siku ya kwanza. Alikuja mara ya kwanza ili anisahihishe. Picha ile kwa Kizungu kaiona mara moja, ikamtosha. Kwa Komandoo kaiona mara kumi na moja.

Watu wakapiga makofi. Nikatazama mbele. Benchi tupu. Mwaija hakungoja ghala lilipuke.

Jumapili, 14 Septemba

Nilikwenda kumsaidia mizigo. Mwanawe alikuwa anafunga magodoro juu ya gari. Mwaija kakaa kwenye kiti cha Salumu, cha mwisho kupakiwa. Nikaanza mzaha wa malori. Akanikatisha.

"Muharami, ile Ijumaa niliviweka."

Nikauliza nini.

"Vitumbua. Viwili. Nikavifunikia kawa. Mama akauliza vya nani, nikamwambia vya mgeni. Ikaingia Magharibi, akavila kaka yangu."

Nikamwambia yule aliyesema alikuwa stelingi.

"Stelingi hajui Kiswahili. Na wewe hujui Kizungu. Sasa nani alikuwa anasema na mimi?"

Nimeulizwa mengi maishani, na polisi pia. Sijawahi kukosa jibu. Leo nimeinama, nafunga kamba ya kiatu.

Akainuka, akanipa kiti nikipakie. Nilipokwisha akasema, "Na kule Ijumaa nitapika. Chalinze si Ulaya. Ukija, njoo wewe. Huyo mwenzio mwache hapahapa."

Gari likaondoka. Nililitazama mpaka kona. Hakugeuka.

Ijumaa, 19 Septemba

Nimekwenda Chalinze! Liandikwe hilo. Kanzu nyeupe, kofia ya Idi, marashi yaliyobaki kwenye deki. Nimeshuka saa nne asubuhi. Nimemwona mara moja, ng'ambo ya barabara, anapepea jiko, wateja wamemzunguka. Pembeni yake kiti cha Salumu, kitupu. Juu ya kiti sahani, juu ya sahani kawa.

Malori yalikuwa yanapita. Nikangoja yapite. Yakapita. Nikangoja mengine.

Stelingi hapigi hatua mikono mitupu, bila muziki, bila chochote. Mtu anatokeaje hivihivi, anasema nimekuja? Halafu aseme nini?

Nyuma yangu kumbe kuna kibanda cha video. Nikaingia, kupata kivuli tu. Mwenyewe anaitwa Ibrahimu, kijana wa adabu. Nikamwuliza kama ana picha za zamani. Anazo, na ile ya helikopta anayo. Nikamwambia mimi ni nani. Hanijui, lakini kafurahi. Tumekubaliana mwezi ujao, tarehe kumi, Ijumaa. Skrini yake inatazamana na jiko la Mwaija, mlango ukiachwa wazi anasikia kila neno. Pale mlangoni stelingi atamwambia yote, na safari hii sitatumia kanga, nitatumia mkeka. Mikeka haina maneno.

Nilipotoka ilikuwa Alasiri. Ile kawa bado ipo, haijaguswa. Nikapita upande huu wa barabara, uso kando, nikapanda basi. Sikugeuka.

Mpango mzuri kuliko yote niliyowahi kupanga. Nimefika nyumbani na njaa.